Mwiba usiokuwepo: namna ya kuvijua viungo vya zoloto la mzee

Mzee amekula changu usiku, asubuhi anasema ana mwiba kooni. Katika nyumba nyingi za Tanga dawa yake inajulikana: tonge kubwa la ugali limezwe bila kutafunwa, na likishindwa ifuate ndizi mbivu. Wiki inapita, mwiba haujashuka. Anapigwa eksirei ya shingo, na kweli kinaonekana kijistari cheupe. Sasa hata aliyekuwa na shaka anaamini. Lakini katika shingo ya mtu wa miaka 70 kijistari hicho kinaweza kuwa gegedu lake mwenyewe, ule mfupa laini wa koo, lililogeuka mfupa mgumu kwa umri, na kinachomchoma kinaweza kuwa kiungo cha ukubwa wa punje ya choroko, kimevimba kama vinavyovimba viungo vya vidole vyake.

Mwongozo huu ni kwa wanaokaa na wazee wenye kazi ya sauti, waadhini, walimu wa madrasa, waimbaji wa taarabu na kasida, na pia kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu waliochoka kukariri michoro. Utahitaji kongomeo la mbuzi, yaani zoloto lake zima, kidole chako, saa yenye mshale wa sekunde na sikio tulivu.

Majina machache kwanza

Zoloto, kile kisanduku cha sauti kilicho kooni, lina magegedu tisa, ila kwa kazi hii manne yanatosha. La mbele, lile linalojitokeza kwenye shingo ya mwanamume na kuitwa kongomeo, ni gegedu la ngao. Wataalamu huliita tiroidi. Chini yake kuna gegedu la pete, krikoidi, jembamba mbele na pana nyuma, mfano wa pete ya muhuri iliyovaliwa kinyume. Juu ya ubao wa nyuma wa pete hiyo yamekaa magegedu pacha, aritenoidi. Jina hilo lina asili ya Kigiriki na maana yake inazunguka upawa, kile chombo cha kuchotea mchuzi, kwa hiyo hapa tutayaita pawa. Nyuzi za sauti zimefungwa mbele kwenye ngao na nyuma kwenye pawa.

Viungo vyenyewe ni jozi mbili. Jozi ya kwanza iko pale pembe za chini za ngao zinapogusa ubavu wa pete, kushoto na kulia. Fikiria mshikio wa ndoo: umeshikwa masikio mawili tu, na hapo ndipo unapoinukia na kuinamia. Ngao na pete zikikaribiana kwa mbele, ubao wa nyuma wa pete unarudi nyuma pamoja na pawa zake, nyuzi zinarefuka na kukaza, sauti inapanda. Mwadhini anapopandisha sauti kwenye "hayya alas-salaa", jozi hii ndiyo inayofanya kazi kubwa.

Jozi ya pili iko pale kila upawa unapokaa juu ya bega la pete. Vitabu vingi vya shule vinauchora upawa ukizunguka kama mlango kwenye bawaba. Si kweli. Bega lenyewe ni mteremko, linashuka kwenda nje na mbele, na upawa unabingirika juu yake: ukifunga unalala kwa ndani na chini, ukifungua unainuka kwenda nje. Pia unateleza kidogo kufuata mteremko. Nyuma kuna kano ngumu inayouzuia usiporomokee mbele.

Viungo vyote vinne vina mfuko, utando wa ndani na ute, kama goti. Ndiyo maana maradhi ya goti yanavifikia, baridi yabisi hasa, na mara chache jongo.

Kulifungua kongomeo la mbuzi

Mchinjaji kwa kawaida hupitisha kisu chini ya kongomeo, kwa hiyo kongomeo hubaki upande wa kichwa. Muuza vichwa vya supu ndiye wa kumwendea, na umuwahi kabla hajalitenga na kulitupa. Agiza mawili: moja la mbuzi mchanga, jingine la jike mzee aliyezaa mara nyingi. Yawe mabichi. Yakichemshwa hata kidogo mifuko ya viungo inalainika, na utakachojifunza ni upishi. Kama huna nafasi siku hiyo, yafunge kwenye kitambaa kibichi uyaweke kwenye friji, si kwenye barafu.

Vaa glavu. Tafuta kisu kidogo chenye ncha kali, koleo ndogo, uzi wa kushonea na karai. Ondoa umio ulioshikana kwa nyuma, kisha nyama ndefu za mbele ya shingo, mpaka ngao na pete zionekane. Misuli midogo iliyoshikana na magegedu yenyewe iache kwanza. Wanaoanza huikwangua yote kwa kupenda usafi, halafu hawana cha kuvuta.

Kabla hujakata, shika pete kwa mkono mmoja na ngao kwa mwingine, uziinamishe zikaribiane kwa mbele. Chungulia kwa juu: utaziona nyuzi zikivutika. Achia, zinalegea. Rudia mara kumi, polepole, mpaka mkono uhisi ni wapi hasa pembe inapogeukia. Sasa kata ule msuli wa umbo la upepeo unaotoka kwenye pete kwenda kwenye ngao, ufuate pembe ya chini hadi ncha yake. Pitisha kisu kati ya ncha na pete. Ute wake ni haba, hata tone halifiki, ila uso uliofunuka unang'aa.

Geuza nyuma. Ubao wa pete una mgongo katikati, na kila upande umelala msuli mmoja mpana. Huo ndio msuli pekee unaozifungua nyuzi za sauti ili hewa ipite. Mingine yote ni ya kufunga au kukaza. Funga uzi kwenye kona ya nje ya upawa, pale msuli unapoishia, uvute kwa nyuma na chini kama msuli wenyewe unavyovuta. Upawa unainuka, njia inafunguka. Ukivuta moja kwa moja kwenda nje kwa nguvu utaung'oa, na hapo umejionea kwa bei ya supu jinsi upawa wa mtu unavyoweza kutenguka unapogongwa na mpira wa kupumulia unaoingizwa kooni wakati wa upasuaji.

Mwisho kata mfuko wa kiungo kuuzunguka upawa, uunyanyue. Chini yake kuna uso mdogo wa umbo la yai, mbinuko, ukingoni mwa pete. Kwa binadamu urefu wake ni milimita sita hivi. Usishtuke kuona upawa wa mbuzi una ncha iliyojikunja kama mdomo wa kasuku, wala kukosa vile vijishimo vya pembeni ya nyuzi vilivyochorwa kwenye vitabu vya binadamu. Wanyama wanaocheua hawana vijishimo hivyo.

Halafu chukua la mzee. Jaribu kupasua ngao kwa kisu kilekile kilichopita kwa mchanga kama kwenye tango. Kitakwama. Hapo ndipo somo la uzee linapoanzia.

Umri unafanya nini, na haufanyi nini

Magegedu ya ngao na pete ya binadamu huanza kugeuka mfupa tangu miaka ya ishirini, na kwa wanaume zaidi kuliko wanawake. Kwenye ngao kazi hiyo huanzia ukingo wa nyuma na pembe ya chini. Kwenye pete huanzia juu ya ubao wa nyuma. Maana yake mfupa unakua karibu kabisa na viungo. Kidakatonge, kile kifuniko cha zoloto mtu anapomeza, na ncha ya upawa inayoshika uzi wa sauti ni gegedu la aina nyingine, lenye mnyumbuko, na hilo halifanyi mfupa.

Mfupa huo hauli kiungo. Nyuso zinazogusana hubaki gegedu, isipokuwa zinapungua unene, zinachanika nyuzinyuzi kama kamba ya katani iliyozeeka, na mpangilio wa nyuzi zake unavurugika. Upawa unaendelea kusogea, lakini haukai tena mahali palepale kila unapofunga. Nyuzi zinakutana leo vizuri, kesho kombo kidogo. Wakati huohuo msuli wa ndani ya uzi wa sauti unakonda, ukingo wake unajipinda kama upinde, na mwanya unabaki katikati. Hivyo sauti ya mzee wa kiume mara nyingi inapanda na kuwa nyembamba, na ya bibi baada ya kukoma hedhi inashuka.

Hapa watu wengi wanakosea, wakiwemo baadhi ya wenye makoti meupe. Sauti ikibadilika wanasema "ni uzee tu". Uzee unalegeza na kuyumbisha. Kiungo kilichokwama kabisa, kisichosogea, kina ugonjwa ndani yake, au kimeumizwa.

Kidole shingoni

Muombe ruhusa kwanza. "Shikamoo babu, naomba nikuguse shingo kidogo, ukisikia maumivu nigonge mkono." Akae wima, kidevu sawa, asikitazamishe juu.

Anza na mfereji wa juu wa ngao, teremka katikati mpaka kidole kiingie kwenye kibonde laini, kisha kigonge ukingo mgumu wa pete. Kibonde hicho, chenye kimo cha sentimita moja au pungufu, ndicho dirisha lako la kutazamia jozi ya kwanza ya viungo. Acha ncha ya kidole hapo bila kukandamiza. Mwambie aghunie "mmm" kwa sauti ya chini, kisha aipandishe taratibu mpaka juu anapoweza. Kibonde kinajifunga na kukibana kidole. Jaribu kwako kwanza, ndipo utajua kubana kwa kawaida kukoje. Kwa mzee kubana huwa kwa uvivu na masafa ya sauti ni mafupi. Kibonde kisichobadilika kabisa huku sauti ikikataa kupanda kinaashiria kiungo kilichoganda au msuli wake usiopata amri.

Pili, shika ngao kwa kidole gumba na cha shahada, uisogeze kushoto na kulia. Utasikia kwa vidole mkwaruzo, kreki kreki. Ndugu wengi huogopa hapo wakadhani mifupa inasagika. Ni kawaida: zoloto linapita juu ya uti wa mgongo. Kinachotia wasiwasi ni mkwaruzo kutokuwepo, kwa sababu huenda kuna uvimbe au kitu kimejaza nafasi ya nyuma.

Usibane pande zote mbili za shingo kwa pamoja. Kando ya ngao hupita mishipa mikubwa ya damu yenye vihisio vya presha, na mzee anaweza kuzirai mikononi mwako.

Pawa hazishikiki kwa nje. Zenyewe utazisikia kwa sikio.

Sekunde, s na z

Mpe maji, apumzike, kisha avute pumzi ndani na ashikilie "aaa" kwa sauti yake ya mazungumzo mpaka pumzi iishe. Mara tatu, chukua ndefu kuliko zote. Mtu mzima mwenye afya hufikisha sekunde 15 na zaidi. Mzee anaweza kupungua kidogo. Chini ya 10 kuna hewa inayovuja, au mapafu hayatoshi.

Kujua lipi kati ya hayo mawili, mwambie ashikilie "sss" kwa pumzi moja, kisha "zzz" kwa pumzi nyingine. S haitumii nyuzi za sauti, z inazitumia. Gawa sekunde za s kwa sekunde za z. Zikilingana, tatizo liko kwenye pumzi. Ikizidi 1.4, kwa mfano s sekunde 14 na z sekunde 9, nyuzi hazikutani sawasawa. Wanaokosea hapa ni wale wanaomwacha mzee afanye z kwa kunong'ona. Shika ngao kwa kidole uhakikishe inatetema.

Kisha akohoe kwa nguvu. Kikohozi kinachokata kama kofi kinaonyesha mlango unafunga. Kikohozi kilegevu, cha kupuliza, kinaonyesha haufungi. Na umuulize kama maji humpalia.

Sasa unganisha. Sauti nyembamba yenye pumzi nyingi, imebadilika kidogo kidogo kwa miaka, hakuna maumivu, asubuhi afadhali na jioni imechoka: huyo nyuzi zimekonda, na mazoezi yatamsaidia. Sauti iliyokatika ghafla, kikohozi kilegevu, maji yanapalia: fikiria neva, mshipa wa fahamu unaoiamuru misuli ya zoloto. Ya kushoto hushuka hadi kifuani, ikajizungusha chini ya mshipa mkuu wa damu kabla ya kurudi juu, kwa hiyo uvimbe wa kifuani unaweza kuikata sauti kabla hata ya kikohozi kuonekana. Upasuaji wa tezi ya shingo nao huweza kuijeruhi.

Kiungo kina dalili zake. Hisia ya mwiba au tonge lililokwama. Maumivu ya kumeza yanayoruka hadi sikioni. Sauti mbaya asubuhi, inayopata nafuu jua likipanda, sambamba na vidole vinavyochelewa kukunjika. Kama mikono ya bibi ina baridi yabisi ya miaka mingi, "mwiba" wake uelekeze huko, umueleze daktari hivyo. Hata hivyo uamuzi wa mwisho si wako: daktari bingwa wa masikio, pua na koo humlaza mgonjwa usingizi na kuugusa upawa kwa kifaa. Ukisogea kwa ulaini, kosa ni la neva. Ukigoma, ni la kiungo.

Sauti iliyopwea ikivuka wiki tatu, nyuzi ziangaliwe kwa kamera au kioo, hata kama mzee ana maelezo mazuri. Kifua kikuu hupenda sehemu ya nyuma ya zoloto, na saratani ya koo huanza hivyohivyo, hasa kwa mvuta sigara. Kwa Tanga mlango wa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Akivuta pumzi kwa sauti ya filimbi, usisubiri kesho wala usimlaze chali. Mkalishe wima, usimpe chakula, mpeleke muda huohuo.

Kuvitunza vilivyobaki

Viungo hivi hupenda kuamshwa polepole. Mwadhini mzee anayetoka kitandani moja kwa moja kwenda kwenye kipaza sauti cha alfajiri anaviburuta vikiwa vikavu. Ajipe dakika tano: maji ya vuguvugu nusu glasi, kisha mrija. Mrija wa soda wenye tundu la milimita tano hivi unatumbukizwa sentimita mbili au tatu kwenye maji, mzee anapuliza huku akitoa sauti ya "uuu". Mapovu yatoke mfululizo, mashavu yasivimbe. Afanye sauti moja mara tano, kisha apandishe na kushusha kama king'ora mara tano. Mrija ukizama zaidi inakuwa kazi ya kifua. Ukikaa juu juu hakuna kinachofanyika. Mgandamizo wa maji unazitenga nyuzi kidogo, zitetemeke bila kugongana kwa nguvu.

Kwa waliokonda nyuzi, zoezi la wiki sita hadi nane ni hili, asubuhi na jioni, kila kipengele mara mbili: kushikilia "iii" laini kwa pumzi nzima, kuteleza kutoka chini kabisa hadi juu kabisa kwa midomo iliyoviringwa, kuteleza kurudi chini, mwisho kushikilia noti tano zinazopanda, moja moja, kwa pumzi nzima. Sauti iwe ndogo iwezekanavyo bila kukatika. Wazee wa kasida huona aibu kuimba kwa sauti ndogo, wanapaza, na hapo faida inapotea. Andika sekunde kwenye daftari. Ndizo zitakazokuambia kama kuna mabadiliko. Mwenye kiungo kilichovimba na kuuma asianze zoezi hili mpaka uvimbe utulie kwa dawa za hospitali. Kulazimisha ni sawa na kukimbiza goti lenye maji.

Adhana na ianze noti moja au mbili chini ya zile za ujanani, kipaza sauti kikiwa vidole vinne kutoka mdomoni. Kipaza kipo ili kimpunguzie kazi, na wengi bado wanapiga kelele ndani yake. Kunong'ona si kupumzisha sauti. Mwenye koo bovu anyamaze, au aongee kwa upole.

Tangawizi na pilipili hazina ubaya kwa mwenye tumbo tulivu. Kwa mwenye kiungulia, tindikali inayopanda usiku humwagikia hasa nyuma ya zoloto, kwenye pawa zenyewe, zikawa nyekundu na kuvimba. Akae saa mbili hadi tatu baada ya kula kabla ya kulala. Mwezi wa Ramadhani, daku la kushiba kisha mto ndilo linaloharibu sauti za tarawehe. Anayetumia dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi asukutue na kutema kila baada ya kuvuta.

Kabla ya chumba cha upasuaji

Mwenye baridi yabisi, au sauti iliyobadilika, anapopangiwa upasuaji wowote, hata wa ngiri au mguu, mtaalamu wa usingizi aambiwe kabla ya siku yenyewe. Viungo vya pawa vilivyoganda vinafanya njia iwe nyembamba, na mara nyingi shingo na taya nazo ni ngumu. Akijua mapema atachagua mpira mwembamba zaidi, au atauingiza kwa kufuata kamera. Mzee mwenyewe hatasema. Kwake koo na mguu havihusiani. Andika kwenye karatasi: "Ana baridi yabisi tangu mwaka fulani, sauti imekauka tangu mwezi fulani, husikia kama mwiba akimeza." Karatasi iingie kwenye faili.

Baada ya upasuaji sauti kukauka siku mbili tatu ni jambo la kawaida. Ikipita wiki, au akiwa anaumia kumeza na sauti ni ya pumzi tupu tangu alipoamka, rudini mkaseme wazi kwamba mnataka pawa zitazamwe. Upawa uliotenguka hurudishwa kwa urahisi ukiwahiwa; ukiachwa, kiungo hujaa makovu na kuganda pale kilipo.